Kuimarisha vijisanamu vya roboti kwa waya wa ndani: kwa nini mikono na nyonga bado vinavunjika?

MkonoTulivu aliuliza:

Ndugu wanajukwaa, habari za wakati huu.

Kwa miezi kadhaa sasa nimekuwa nikitengeneza roboti ndogo kwa udongo wa polima, ule unaookwa kwenye oveni ya kawaida. Kila roboti ina urefu wa sentimita 12 hivi: kichwa kikubwa cha mraba, kiwiliwili kama kasha, mikono mirefu ya pembe nne yenye upana wa milimita 6, miguu miembamba na nyayo nene. Umbo hilo ndilo ninalolipenda na nisingependa kulibadilisha, kwa kuwa wembamba wa viungo chini ya kichwa kizito ndio unaozipa roboti hizi uhai.

Tatizo ni kwamba zinavunjika. Mwanzoni sikutia waya wowote, na shingo zilikatika zenyewe roboti zikiwa zimesimama rafuni bila kuguswa. Ndipo nikaanza kutia waya wa alumini wenye kipenyo cha milimita 3 katika shingo, mikono na miguu, nikiamini kwamba waya mnene ndio wenye nguvu. Shingo zimepona kweli, lakini yamezuka mengine. Roboti ya kwanza imepata nyufa ndefu mikononi, kuanzia begani hadi kwenye kiwiko, na nyufa hizo zilijitokeza siku mbili baada ya kuokwa. Mguu wa roboti ya pili unazunguka kama kitasa kilicholegea: haukatiki wala haushiki. Roboti ya tatu ilivunjika kwenye nyonga, milimita chache juu ya mahali waya ulipoishia, na mpasuko wake umenyooka kana kwamba nimeukata kwa kisu.

Ninaoka kwa nyuzi 110 za Selsiasi kwa dakika 15. Pakiti inasema nyuzi 130 kwa dakika 30 kwa kila milimita 6 za unene, lakini ninachelea rangi nyeupe kugeuka ya manjano, na nyeupe ndiyo rangi ya karibu roboti zangu zote.

Naomba msaada katika mambo haya: waya uwe wa metali gani na unene gani, uishie wapi ndani ya mwili, na je, roboti hizi tatu zilizoharibika zinaweza kuokolewa? Nimezifanyia kazi kwa majuma mengi na ninaona uchungu kuzitupa.

FundiKiunzi alijibu:

Ndugu MkonoTulivu, umeeleza vizuri kiasi kwamba mtu anaweza kuziona roboti zako akiwa mbali, na kila moja kati ya hizo tatu inaonyesha kosa lake peke yake. Lakini kabla ya kufika kwenye waya, niruhusu nianze na oveni, kwa sababu naamini nusu ya matatizo yako yako humo.

Udongo wa polima si udongo hasa. Ni chembechembe laini sana za plastiki ya PVC zilizochanganywa na kilainishi na rangi, na joto ndilo linalozifanya chembe hizo ziyeyukiane na kuwa kitu kimoja. Ukioka kwa joto pungufu na kwa muda pungufu, kipande hutoka kigumu kikiguswa, rangi yake nzuri, na mtengenezaji huridhika. Ndani, hata hivyo, chembe zimegusana tu bila kuungana. Kipande kilichoiva vizuri, kikiwa chembamba, hupinda kidogo kabla ya kuvunjika. Kisichoiva hukatika ghafla na mpasuko wake huwa mkavu, wa ungaunga, na umenyooka, kama ule ulioueleza kwenye nyonga. Hakuna waya utakaofidia udongo ambao haukuiva, kwa sababu waya unahitaji kitu cha kushikwa nacho.

Kwa hiyo fuata maelezo ya pakiti, si woga. Nunua kipimajoto kidogo cha kukaa ndani ya oveni, kwa maana namba zilizoandikwa kwenye kitufe cha oveni nyingi hazilingani na joto lililomo. Ili nyeupe isibadilike, funika roboti kwa kijihema cha foili ya alumini kisichoigusa, iwe mbali na chuma cha moto cha juu. Joto litaingia, lakini miale ya moja kwa moja haitaichoma. Wakati huohuo usivuke sana joto la pakiti, maana PVC ikiungua hutoa gesi yenye asidi inayowasha macho na kifua. Ikitokea, zima oveni, fungua madirisha na utoke.

Sasa waya. Watu wengi wanadhani waya unaufanya udongo uwe mgumu. Mimi nauona waya kama kano: kazi yake ni kushika vipande viwili visiachane, na kano iliyoteleza kutoka kwenye mfupa haina faida yoyote. Udongo wa polima haushikani na metali hata kidogo. Ukiuvunja mkono ule wenye nyufa na kuuvuta waya, nakuhakikishia utatoka kama upanga unavyotoka alani, na tundu litakaloachwa litakuwa laini na linang'aa. Hiyo ndiyo sababu mguu unazunguka: waya wako ni wa mviringo, umenyooka, na ni mlaini, kwa hiyo udongo umeuzunguka bila kuung'ang'ania.

Dawa yake ni kuuharibu ulaini huo. Mimi huchukua waya mwembamba, nikaukunja mara mbili, nikashika ncha mbili kwa koleo na kutia kitanzi kwenye ndoano iliyofungwa kwenye keekee ya mkono, kisha nikasokota polepole mpaka mizunguko iwe ya karibukaribu. Mifereji ya msokoto huo ndiyo inayojaa udongo. Halafu naupaka waya gundi nyeupe ya mbao, utando mwembamba, na kuuacha ukauke kabisa kabla ya kuuvika udongo. Udongo mbichi hunata juu ya gundi iliyokauka kuliko unavyonata juu ya metali tupu. Mwisho, kila ncha ya waya naikunja, ama iwe kitanzi kidogo ama iwe pembe ya mraba. Ncha iliyokunjwa haizunguki wala haichomoki.

Na kuhusu mahali pa kuishia: waya usiishie kamwe kwenye kiungo wala karibu nacho. Pale unapoishia ndipo mkazo wote unapokusanyika, kwa kuwa upande mmoja una mfupa na upande wa pili hauna. Roboti ya tatu imekueleza hilo waziwazi. Katika miguu, tumia waya mmoja usiokatwa: unaanzia kwenye unyayo wa kushoto, unapanda, unavuka nyonga kwa ndani, unashuka hadi unyayo wa kulia. Mikono vivyo hivyo, kutoka kiganja hadi kiganja kupitia mabegani. Waya wa tatu unatoka katikati ya kichwa, unapita shingoni, unashuka hadi kwenye nyonga. Pale nyaya hizi zinapokutana zifunge kwa waya mwembamba zaidi na uzitie donge la epoksi ya kukanda, ile ya sehemu mbili inayogandamana bila moto. Likishakuwa gumu, una kiunzi kinachosimama chenyewe mezani kabla hata hujashika udongo. Kama kiunzi hakisimami, roboti nayo haitasimama vizuri.

NondoNaZege alijibu:

Naongezea juu ya unene wa waya na sababu ya zile nyufa ndefu, kwa kuwa FundiKiunzi hakuzigusa.

Mkono wako una upana wa milimita 6 na waya wa milimita 3 katikati. Maana yake udongo uliobaki kila upande ni milimita moja na nusu tu, na hapo nakadiria kwamba waya umekaa katikati sawasawa, jambo ambalo kwa mkono wa binadamu ni nadra. Yamkini kuna mahali ambapo ngozi ya udongo ni nusu milimita. Kipande kikitoka kwenye oveni, kila kitu ndani yake kinanywea kadiri kinavyopoa, lakini si kwa kiasi kimoja. Plastiki hunywea mara kadhaa kuliko chuma, na alumini, ingawa hunywea karibu mara mbili ya chuma, bado haiufikii udongo huo. Udongo unataka kubana na waya unakataa. Ngozi nyembamba inayozunguka kitu kisichobanika hupasuka kwa urefu, kama gamba la mti linavyopasuka shina likinenepa. Ndiyo maana nyufa zako zinafuata waya, na ndiyo maana zilikuja baada ya siku mbili: mkazo ulikuwamo tangu awali, ukingojea mahali padhaifu.

Hapa ndipo mfano wa nondo na zege, ambao sote huukimbilia, unapotupoteza. Mtunza bustani wa Ufaransa, Joseph Monier, alipata hataza mwaka 1867 ya vyombo vya saruji vya kupandia mimea vilivyotiwa chuma ndani, na mbinu hiyo ilidumu kwa sababu chuma na zege hupanuka na kunywea kwa viwango vinavyokaribiana sana. Isitoshe, nondo hutengenezwa na mistari iliyoinuka juu yake ili zege ishike. Udongo wa polima na waya mlaini havina hata moja kati ya sifa hizo mbili. Tunapaswa kuitafuta ya pili kwa msokoto na gundi, na kuipunguza athari ya kukosa ya kwanza kwa kutumia waya mwembamba na kupoza polepole. Ukizima oveni, acha mlango umefungwa mpaka kila kitu kipoe humohumo. Usikimbilie kukitoa ukione.

Kanuni ninayoifuata ni kwamba waya usizidi takriban robo ya upana wa kiungo, na kila upande ubaki na udongo usiopungua milimita 2. Kwa mkono wa milimita 6, waya wa milimita 1 hadi 1.5 unatosha. Najua utaogopa kwamba ni mwembamba mno, na woga huo una msingi: ukakamavu wa waya dhidi ya kupinda hukua kwa kipeo cha nne cha kipenyo, hivyo waya wa milimita 2 ni mkakamavu mara 16 kuliko wa milimita 1 wa metali ileile. Lakini roboti yako ikishaiva haihitaji waya uzuie kupinda. Udongo wenyewe unafanya hivyo. Tafadhali zingatia pia kwamba nyaya mbili za milimita 1 zilizosokotwa pamoja zina ukakamavu wa takriban mara mbili tu ya waya mmoja, ingawa zinachukua nafasi ya milimita 2. Tunazisokota kwa ajili ya kushika, na mtu asidanganyike kwamba amepata waya mnene. Kwa mkono wako ningesokota nyaya mbili za milimita 0.6 hadi 0.8.

Kuhusu metali: alumini ni laini, haipati kutu, na inapindika kwa vidole, lakini ukiikunja na kuikunjua mahali pamoja mara kadhaa hukatika. Shaba kadiri unavyoikunja ndivyo inavyozidi kuwa ngumu, na hushika umbo vizuri. Chuma kina ukakamavu wa karibu mara tatu ya alumini, kwa hiyo waya wake mwembamba hufanya kazi kubwa. Ule laini wa kufungia nondo ni mzuri sana kwa shingo na vifundo vya miguu. Kwa vyovyote vile, chora roboti kwenye karatasi kwa ukubwa wake halisi, laza waya juu ya mchoro, na ukunje mara moja tu. Kila unaporekebisha pembe unaudhoofisha waya palepale kwenye kiungo, mahali unapouhitaji zaidi. Na unapokata, vaa miwani ya kinga: kipande kifupi cha waya huruka kwa kasi ya kutisha.

KikavuTaratibu alijibu:

Naomba kuingiza neno kwa ajili ya wasomaji wanaotumia udongo unaokauka kwa hewa, kwa kuwa wakifuata haya yote neno kwa neno watapata hasara.

Udongo huo una maji, na maji yakitoka unasinyaa sana kuliko ule wa kuoka. Waya hausinyai. Kwa hiyo usiufunike waya kwa safu moja nene. Paka safu nyembamba, iache ikauke na ipasuke inavyotaka, kisha jaza nyufa kwa uji wa udongo huohuo na upake safu ya pili. Mimi huuzungushia waya uzi wa pamba au vipande vya karatasi vilivyolowa gundi kwanza, ili kuwe na kitu laini kati ya metali na udongo kinachokubali kubanwa.

La pili ni kutu. Niliwahi kumaliza roboti ya rangi ya maziwa yenye waya wa chuma tupu ndani, nikaipaka rangi na vanishi, nikaiweka dirishani kwa furaha. Baada ya majuma mawili ilitokea alama ya kahawia kwenye goti, ndogo kama mbegu ya mchicha, kisha ikatambaa kuelekea chini ya mguu ikifuata mstari wa waya. Nilipaka rangi juu yake mara tatu na mara tatu ilirudi. Katika udongo wa maji tumia alumini, shaba, au chuma kilichopakwa zinki, na hata hicho ukipake vanishi kwenye ncha ulizokata, kwa sababu hapo zinki haipo tena.

Na wale wanaofinyanga kwa udongo wa mfinyanzi wa kuchomwa tanuuni waache waya kabisa. Alumini huyeyuka kwenye nyuzi 660 na shaba kwenye 1085, na chuma cha kawaida huliwa na moto hadi kuwa magamba. Roboti ya namna hiyo inapaswa kuwa na viungo vinene, au itengenezwe vipande vipande na kuunganishwa ikishachomwa.

MkonoTulivu aliandika:

Nawashukuru kwa dhati, ndugu zangu. Sikutaka kujibu kwa maneno matupu, kwa hiyo nilifanya jaribio kwanza.

Nilitengeneza vijiti vinne vya udongo, kila kimoja sentimita 8 kwa upana wa milimita 6. Cha kwanza sikutia waya na nilikioka kwa njia yangu ya zamani. Cha pili hakikuwa na waya pia, lakini nilikioka kwa nyuzi 130 kwa dakika 30, nikakipoza ndani ya oveni. Cha tatu nilikitia waya wangu wa milimita 3, na cha nne msokoto wa nyaya mbili za milimita 0.8 uliopakwa gundi na kukunjwa ncha. Hivi viwili vya mwisho nilivioka vizuri pia. Kisha nikavishika ncha moja kwa jiliwa na kuibonyeza ya pili kwa kidole.

Kijiti cha kwanza kilikatika kama chaki, kabla hata sijahisi kwamba nimebonyeza. Cha pili kilipinda kiasi ambacho sikukitarajia, na nilikiri moyoni kwamba nimekuwa nikizionea roboti zangu muda wote huu. Cha tatu kilipasuka kwa urefu, ngozi ikabanduka, na waya ukatoka safi kabisa, unang'aa, bila chembe ya udongo, kama FundiKiunzi alivyosema. Cha nne kilipata ufa mmoja wa kukingama, ila vipande viwili havikuachana. Nilipokivunja kwa makusudi nilikuta udongo umejaa kwenye mifereji ya msokoto, na ilinibidi niukwangue kwa ncha ya kisu ili kuutoa.

Kiunzi cha roboti mpya kiko tayari na kinasimama chenyewe. Limebaki swali la zile tatu za zamani.

FundiKiunzi alijibu:

Nimefurahi sana kusoma jaribio lako, hasa kile kijiti cha nne.

Roboti zote tatu zinaweza kuokolewa. Anza kwa kuzioka upya kwa nyuzi 130 kwa muda kamili; udongo wa polima unakubali kuokwa zaidi ya mara moja, na ule ambao haukuiva utaendelea kuiva. Usiziunganishe kwanza. Zioke zikiwa zimevunjika hivyohivyo, zipoe ndani ya oveni, ndipo uanze ukarabati.

Ile iliyovunjika nyonga: toboa tundu katika kila kipande kwa keekee ya mkono, usitumie ya umeme, maana msuguano wake huyeyusha plastiki na tundu hupotoka. Ili matundu mawili yakabiliane, tia tone dogo la rangi mbichi katikati ya mpasuko mmoja, uubonyeze juu ya wa pili, na toboa pale alama ilipoachwa. Tundu liwe pana kuliko waya kwa nusu milimita hivi, lenye kina cha milimita 10 juu, na chini liingie pembeni mwa waya wa zamani wa mguu ili mifupa miwili ipishane. Kwaruza waya mpya kwa msasa, jaza gundi ya epoksi kwenye matundu kwa kijiti cha kuchokolea meno, ingiza, na uifunge roboti kwa utepe wa karatasi mpaka kesho yake. Supaglu hukauka haraka mno kwa kazi hii na hukunyima nafasi ya kunyoosha.

Mguu unaozunguka ni rahisi zaidi. Toboa tundu jembamba la kukingama kupitia paja hadi ndani ya ule waya mnene wa alumini, ambao kwa bahati njema ni laini na keekee itauingia, kisha pitisha kipande cha waya wa chuma cha milimita 1 kilichopakwa epoksi. Kinafanya kazi ya pini: waya hauwezi tena kuzunguka peke yake. Acha ncha yake ijitokeze kidogo nje ya paja na uipige tupa iwe bapa. Kwenye roboti itaonekana kama ribiti, na ukipenda unaweza kutia nyingine kama hiyo kwenye mguu wa pili ili zilingane.

Mikono yenye nyufa ndiyo itakayokutaka uvumilivu. Kujaza nyufa hizo hakutasaidia wakati waya wa milimita 3 bado umo ndani, kwa sababu zitafunguka tena. Uchane udongo kwa kufuata ufa wenyewe, uutoe, ukate waya milimita 15 nje ya bega, na hicho kisiki ukichonge kwa tupa mpaka kiwe chembamba na chenye mikwaruzo. Kifungie msokoto wako mpya kwa waya mwembamba, utie epoksi, kisha uvike udongo mpya na uoke. Hapo begani, mahali udongo wa zamani unapokutana na mpya, paka udongo wa polima wa majimaji kabla ya kuunganisha, la sivyo mstari huo utaachia mkono utakapoinuliwa.